Picha ya madawati iandikiwe na hesabu

Mhariri,

Gazeti lako halikosi picha hii: meneja wa kampuni kubwa ya nje, mkuu wa wilaya, hundi ya mfano inayokaribia urefu wa mlango, na nyuma yao watoto kwenye madawati mapya. Sina ugomvi na madawati, watoto wetu wamekaa sakafuni vya kutosha. Ila picha hiyo hutumika kutuaminisha kwamba kampuni imekuja kwa ajili yetu.

Chukua dhahabu ya Kanda ya Ziwa. African Barrick Gold, baadaye Acacia, iliingia soko la hisa la London mwaka 2010. Kati ya mwaka huo na 2013 iliwagawia wenye hisa zaidi ya dola milioni 400, huku migodi yake ya hapa ikipeleka Mamlaka ya Mapato (TRA) hesabu za hasara. Migodi yenyewe yote ilikuwa Tanzania: Bulyanhulu, Buzwagi, North Mara, Tulawaka. Sasa gawio lilitoka kwenye faida gani? Kampuni ilijitetea kwamba yenyewe ni ya Uingereza, hivyo kodi ya gawio hilo haiwahusu watu wa hapa. Baraza la Rufani za Kodi halikukubali, na mwaka 2016 likaamuru ilipe kodi ya zuio, ile inayokatwa kwenye gawio, ya dola milioni 41 hivi. Madawati yalikuwa yakigawiwa miaka hiyo hiyo.

Siwaiti wakurugenzi wale watu wabaya. Wameajiriwa na wenye hisa, wanawatumikia waliowaajiri. Ajira zipo, wazabuni wa Kahama na Tarime wanakula, sikatai. Lakini hizo ni gharama za kuchimba, si hisani.

Kilichobadilisha mambo ni sheria. Mwaka 2017 Bunge lilipandisha mrabaha wa dhahabu, yaani malipo kwa serikali kwa thamani ya madini yanayochimbwa, kutoka asilimia 4 hadi 6, na kuipa serikali hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi bila kulipia. Kampuni ilipiga kelele, makinikia (mchanga wenye madini uliokuwa ukipelekwa nje) yakakwama bandarini, mwisho Barrick, wenye hisa nyingi za Acacia, wakakaa mezani na serikali na kuunda Twiga, kampuni yao ya ubia. Oktoba 2020 Twiga ilitoa gawio la dola milioni 250, na milioni 40 zikawa zetu. Dhahabu ni ile ile, na Barrick ndiye mwenye hisa nyingi kama zamani. (Hizo milioni 40 zilitumikaje, hilo tuiulize serikali, tena kwa sauti ile ile.)

Kwa hiyo nina ombi moja, Mhariri. Siku nyingine ukichapa picha ya hundi ya mfano, chini yake andika mwaka huo kampuni imelipa kiasi gani cha mrabaha, kodi ya mapato, gawio la serikali na ushuru wa huduma kwa halmashauri. Mwandishi akianzia kwenye taarifa za TEITI, taasisi ya uwazi katika madini, mafuta na gesi, hatatoka mikono mitupu. Na kampuni ikigoma kutoa takwimu zake, chapa picha hivyo hivyo, useme imegoma.

Msomaji wako,
Kahama