Dhoruba za usiku Ziwa Victoria: tahadhari zifike mwaloni kabla mitumbwi haijaondoka

Ndugu Mhariri,

Kila masika na kila vuli magazeti yetu huandika habari zinazofanana: mtumbwi umezama usiku katika Ziwa Victoria, wavuvi kadhaa hawajulikani walipo, na chanzo kinatajwa kuwa ni dhoruba iliyozuka ghafla. Mimi ni mmiliki wa mitumbwi ya dagaa hapa Ukerewe, na nilianza kazi hii nikiwa mvuvi wa kuvuta wavu kabla sijawa na mtumbwi wangu. Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze kwamba dhoruba nyingi za usiku hutoa dalili saa kadhaa kabla hazijatufikia, na kwamba kinachokosekana ni taarifa kufika mwaloni, yaani ufukweni mitumbwi inapoegeshwa, wakati nahodha bado amesimama mchangani na anaweza kuamua kutoondoka.

Ziwa letu lina eneo la karibu kilomita za mraba 68,800, na kwa ukubwa huo linajitengenezea hali yake ya hewa. Mchana jua hupasha joto nchi kavu upesi kuliko maji, hewa ya nchi kavu hupanda, na upepo huvuma kutoka ziwani kwenda bara. Ndiyo maana ngurumo za alasiri tunazisikia upande wa vilima, huku juu ya maji kukiwa kweupe. Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa, maji hubaki na joto lake, na upepo kutoka pande zote za ufuko huelekea ziwani, hukutana huko na kuisukuma juu hewa iliyojaa unyevu. Hapo mawingu ya radi hujijenga, hasa kuanzia usiku wa manane hadi asubuhi. Kwa kuwa upepo mkuu wa ukanda huu hutoka mashariki, mawingu hayo husukumwa kuelekea magharibi, na hii ni sababu kubwa inayoifanya Bukoba ipate kwa mwaka mvua inayozidi mara mbili ile ya Musoma.

Dagaa nao huvuliwa usiku. Huvutwa na mwanga wa taa, zamani karabai na siku hizi taa za betri na za sola, na mwanga huo hauna nguvu mbalamwezi ikiwa imewaka. Kwa hiyo tunafanya kazi siku za giza, mitumbwi huondoka jioni, taa huachwa zikielea, na wavu hutupwa mara kadhaa hadi kupambazuke. Saa ambazo ziwa huwa na radi nyingi kuliko saa nyingine zote ndizo saa ambazo maelfu ya vijana wetu wako mbali na nchi kavu, ndani ya mitumbwi ya mbao isiyo na paa, juu ya maji ambako hakuna kitu kirefu kuliko wao. Makadirio yanayotajwa mara nyingi kuhusu wanaokufa maji katika ziwa hili ni kati ya watu 3,000 na 5,000 kwa mwaka katika nchi zetu tatu. Hata mtu akiona makadirio hayo ni makubwa mno na kuyapunguza kwa nusu, bado anabaki na msiba unaozidi ule wa MV Bukoba ya tarehe 21 Mei 1996 na ule wa MV Nyerere ya tarehe 20 Septemba 2018 kwa pamoja, na unaojirudia. Meli hizo mbili ziliangushwa na mambo mengine, si radi, na taifa zima lilisimama kuomboleza na kuchunguza. Mitumbwi yetu huzama mmoja mmoja, watu watatu au wanne kwa usiku, na uchunguzi wake huishia kwa kutafuta miili.

Elimu ya kuzitabiri dhoruba hizi ipo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 na wanasayansi waliolichunguza ziwa hili kwa picha za setilaiti ulionyesha kwamba nguvu ya mvua za radi za alasiri juu ya nchi kavu inayolizunguka ziwa ni dalili ya nguvu ya dhoruba za usiku juu ya maji, na ukaonya kwamba kadiri dunia inavyopata joto, dhoruba kali zitaongezeka zaidi juu ya ziwa kuliko juu ya nchi kavu ya jirani. Mwaka 2017 ulianza mradi ulioratibiwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani, ukiwakutanisha wataalamu wa Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda ili kuboresha utabiri na tahadhari za ziwa. Rada ya hali ya hewa ya Mwanza ipo. Wenzetu wa Uganda walijaribu tangu mwaka 2011, katika visiwa vya Kalangala, kuwatumia wavuvi tahadhari kwa simu kwa rangi tatu, kijani, chungwa na nyekundu, ili hata asiyesoma sana aelewe. Nayataja haya kwa shukrani, kwa sababu waliofanya kazi hiyo walitambua kwamba mvuvi ni mtu wa kupewa taarifa, si wa kuhesabiwa tu akishakufa.

Lakini kati ya rada na mchanga wa mwalo kuna hatua moja ambayo bado haijakamilika. Utabiri tunaousikia redioni mara nyingi hutaja mikoa mizima, kwamba kutakuwa na mvua za radi katika maeneo machache ya Kagera, Geita, Mwanza na Mara, na nahodha anayetaka kujua kama usiku huu aende upande wa kisiwa cha Goziba au abaki karibu na kisiwa cha Ukara hawezi kuufanyia kazi utabiri wa namna hiyo. Ujumbe wa simu unaotumwa saa nne usiku nao haumsaidii aliyekwisha kuondoka, maana tukifika mbali mtandao hukatika. Saa yenye faida ni ile ya alasiri, kati ya saa tisa na saa kumi na moja, mawingu ya bara yakiwa yamekwisha kuonekana na mitumbwi ikiwa bado inapakia mafuta.

Nieleze pia kinachotokea mtumbwi ukinaswa, kwa sababu wengi wanaotunga kanuni za usalama hawajawahi kuwa mahali pale. Usiku mmoja wa masika, nikiwa kijana katika mtumbwi wa marehemu baba mdogo, tuliona umeme ukimulika upande wa mashariki bila sauti. Nahodha wetu, mzee aliyeheshimika sana, alianza kuhesabu sekunde kati ya umeme na ngurumo, kwa kuwa kila sekunde tatu ni karibu kilomita moja, na hesabu ilikuwa ikipungua. Kisha ule upepo wa joto wa usiku ukakatika, na dakika chache baadaye ukaja upepo wa baridi wenye harufu ya mvua. Wavuvi wote wa ziwa wanaufahamu upepo huo: ni hewa nzito inayoshuka na mvua kutoka ndani ya wingu na kutawanyika juu ya maji, nayo hutangulia mvua yenyewe.

Sisi vijana tulitaka kukimbilia kisiwa kilichokuwa karibu. Mzee alikataa, na nimekuja kuelewa kwamba kukataa kwake ndiko kulikotuokoa. Mawimbi ya ziwani ni mafupi na hufuatana karibukaribu, yakikujia kwa nyuma hupanda juu ya tezi, yaani nyuma ya chombo, na kukijaza kabla hujayatoa maji ya wimbi lililotangulia. Na fuko za visiwa vyetu zina mawe, kwa hiyo anayezikimbilia gizani huvunjikia pale pale alipodhani atapona. Aliamuru wavu uachwe majini, kamba yake ikafungwa omoni, yaani mbele ya chombo, na uzito wa wavu ukawa unaushikilia mtumbwi ukielekeza mbele yake kwenye upepo, badala ya kuyapa mawimbi ubavu. Nguzo za taa zililazwa. Wote tulikaa chini, katikati ya chombo, mbali na injini na kila chuma, wawili wakifua maji kwa ndoo bila kupumzika na mmoja akisaidia kuunyoosha mtumbwi kwa kasia. Mabuti ya mpira alituamuru tuyavue, kwa sababu yakijaa maji humlemea mwenye kuyavaa. Na alitukumbusha jambo ambalo kila mvuvi anapaswa kulijua kabla hajaguswa na wimbi lolote: mtumbwi wa mbao ukipinduka huendelea kuelea, hivyo aung'ang'anie, asijaribu kuogelea kwenda kwenye taa anazoziona mbali.

Mvua ilikuwa kali kiasi kwamba sikuweza kumwona aliyekaa mbele yangu isipokuwa umeme unapomulika. Ilipopita, tulingoja tena, maana mara nyingi wingu la pili hufuata la kwanza, na wataalamu wenyewe wanashauri mtu asijione salama hadi zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Asubuhi tulirudi na wavu uliochanika na bila dagaa. Mtumbwi mwingine ulioondoka nasi jioni ile ulirudi ukivutwa, bila watu wake.

Hatukuwa na hata jaketi moja la kujiokolea. Leo majaketi yanapatikana, lakini katika mialo mingi nimeyaona yakitunzwa chini ya sakafu ya mtumbwi ili yasichakae, na yakitolewa siku ya ukaguzi. Jaketi lisilovaliwa kabla ya upepo ule wa baridi haliwezi kuvaliwa baada yake, mikono ikiwa imeshika ndoo na kamba.

Hapa nina neno kwa wamiliki wenzangu. Vijana wetu hulipwa kwa mgao wa kilichovuliwa, usiku usio na dagaa ni usiku usio na malipo, na siku za giza katika mwezi ni chache. Nahodha anayerudi kwa sababu ameona mawingu hukutana asubuhi na tajiri anayemuuliza mbona jirani alivua. Anayeukata wavu ili kuokoa watu hukatwa gharama ya wavu huo katika mgao wake, jambo ambalo naliona ni dhuluma na ningependa likatazwe kwa kanuni za mwalo. Hakuna tahadhari itakayoheshimiwa mradi anayeitii ndiye anayeumia peke yake. Tukikubaliana mwalo mzima kwamba siku ya tahadhari nyekundu hakuna mtumbwi unaoondoka, hakuna atakayepata zaidi ya mwenzake, na bei ya dagaa siku inayofuata itapanda kwa wote.

Pendekezo langu ni jepesi na halihitaji mkopo wa nje. Kila mwalo una BMU yake, yaani kikundi cha wanajamii kinachosimamia rasilimali za uvuvi. Ateuliwe mtu mmoja ambaye kila alasiri atapokea kutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa utabiri wa eneo lake la ziwa, si wa mkoa, kisha apandishe bendera ya rangi inayostahili mahali ambapo kila anayepakia mafuta anaiona. Kina mama wanaoanika dagaa watakuwa wa kwanza kuifuata, kwa kuwa mvua ya alfajiri huharibu mzigo uliosambazwa mchangani, na tayari kila siku wao hulisoma anga kwa makini kuliko sisi wenye mitumbwi. Bendera za mwalo wetu nitazinunua mwenyewe, na nimekwisha kuzungumza na wenzangu wawili kuhusu kutowakata vijana wetu gharama za nyavu.

Kwako wewe, Ndugu Mhariri, na kwa waandishi wako wa Kanda ya Ziwa, nina ombi. Mtakapoandika tena kwamba mtumbwi umezamishwa na dhoruba, ulizeni utabiri wa alasiri ile ulisema nini kuhusu eneo lile la ziwa, ulizeni kama ulifika mwaloni na saa ngapi, kisha muyachapishe majibu pamoja na idadi ya waliofariki.

Wako,
Mmiliki wa mitumbwi ya dagaa,
Nansio, Ukerewe