Kuvundika ndizi si kuitia sumu

Mhariri,

Mimi nauza ndizi soko la Mbuyuni, hapa Moshi. Kila nikifunua tenga hakosi mteja wa kuuliza, "Mama, hizi mmezitia dawa?" Naomba nafasi nijibu.

Ndizi mbichi ikishamenywa, katika gramu 100 karibu gramu 20 ni wanga, akiba iliyowekwa ndani ya seli zake. Ikikomaa hutoa yenyewe gesi ya ethilini. Gesi hiyo huamsha vimeng'enya, navyo huukatakata wanga kuwa sukari. Iliyoiva kabisa hubakiwa na wanga gramu 1 au 2 tu. Sehemu ya sukari hiyo seli huichoma zenyewe kupata nguvu, ndiyo maana ukiingiza mkono kwenye tenga lililofunikwa unakuta joto. Bibi zetu walivundika kwa moshi, na moshi nao una ethilini.

Wapo wanaotumia kabaidi, kemikali ya kuivishia matunda haraka, sikatai, na hao wasakwe. Lakini msitufunge wote kamba moja.

Wapenzi wa mtori nao niwaambie: msilaze mshare, ndizi yenu ya kupika, pamoja na ndizi tamu ya kisukari iliyoiva, gesi yake itauivisha mshare kabla hamjawasha jiko. Wala msitie ndizi mbichi kwenye friji. Chini ya nyuzi 13 hivi ganda huwa jeusi, na wanga haugeuki sukari ipasavyo. Halafu mtu ananirudia Jumatatu anadai hela yake!

Mama Ndizi,
Mbuyuni, Moshi