Maili 800 zisizo na maelezo

Shoga yangu mpendwa,

Salamu, na pole na kazi. Umeniuliza mambo mawili kuhusu Susan Powell, yule mama wa Utah, Marekani, aliyetoweka Desemba 2009 na mwili wake haukupatikana: ilikuwaje mumewe asifikishwe mahakamani, na kama kweli kesi ya mauaji inaweza kusimama bila mwili kupatikana. Hilo la pili jibu lake ni fupi: inaweza. La kwanza ndilo litakalokula karatasi. Watu wengi husimulia kisa hiki kana kwamba kilishindikana kwa sababu jangwa la Utah ni kubwa. Ni kubwa kweli, lakini kesi ilianza kuvuja ndani ya siku tatu za mwanzo, na kilichobaki kikavuja polepole kwa miaka miwili ya kusubiri.

Tuanze na Jumapili ile, tarehe 6 Desemba 2009, mjini West Valley City, jirani na Salt Lake City. Susan alikuwa na miaka 28, ameajiriwa benki ya Wells Fargo, ana watoto wawili wa kiume: Charlie wa miaka 4 na Braden wa miaka 2. Asubuhi walikwenda kanisani. Mchana akaja jirani, rafiki yake, na siku hiyo Josh, mumewe Susan, ndiye aliyeingia jikoni kupika. Baada ya kula Susan akasema amechoka, akajilaza. Ilikuwa kama saa 11 jioni. Jirani akaaga, na huyo ndiye mtu wa mwisho wa nje ya nyumba ile kumwona. Wengi wamedhani chakula kilitiwa kitu. Hakuna kipimo kilichowahi kuthibitisha hilo, kwa hiyo mimi silitegemei, nawe usilitegemee.

Jumatatu watoto hawakufika kwenye kituo cha kulelea watoto. Mlezi akapiga simu kwa ndugu, na mama yake Josh na dada yake wakatoa taarifa polisi kwamba familia nzima haionekani. Polisi walivunja dirisha wakihofu hewa ya sumu, ile ya jiko au hita inayoua watu usingizini. Ndani hapakuwa na mtu. Mkoba wa Susan ulikuwepo, pamoja na kitambulisho na funguo. Na sebuleni palikuwa na sehemu iliyolowa penye kochi, feni mbili zimewashwa na kuelekezwa hapo.

Simama hapa kidogo. Kochi lililolowa na feni mbili ni kitu ambacho baada ya saa chache hakipo tena. Kinachotakiwa kufanywa ni hiki: kupiga picha kabla ya kuzima feni, kuandika saa na ukubwa wa sehemu iliyolowa, kisha kuondoka na kuzuia mtu yeyote asiingie mpaka kibali cha upekuzi kitoke. Aliyeosha kochi husafisha kitambaa tu. Maji husukuma damu chini, kwenye sponji, kwenye mishono, kwenye mbao za fremu, na ikidondoka sakafuni huingia katikati ya vigae. Kwa hiyo mpekuzi hakwangui juu. Anakata kitambaa, anatoa kipande cha sponji, anapitisha pamba kwenye maungio ya vigae. Kila kipande hukaushwa kwa hewa na kufungwa kwenye mfuko wa karatasi, kamwe si wa plastiki, kwa sababu plastiki hutoa jasho, ukungu ukaota na kuharibu vinasaba. Na zile dawa zinazobadili rangi au kung'aa gizani hazithibitishi kitu peke yake. Hung'aa hata kwa baadhi ya sabuni za kuondolea madoa. Maabara ndiyo inayosema damu ni ya nani.

Maabara ilisema: kwenye vigae karibu na kochi palikuwa na damu ya Susan. Ila damu ya mtu kukutwa ndani ya nyumba yake mwenyewe, wakili yeyote wa utetezi ataieleza kwa sentensi moja: alijikata, alitokwa damu puani. Damu ile ilikuwa na uzito pale tu ingeunganishwa na mambo mengine.

Na mambo mengine yalikuwepo. Josh alirudi Jumatatu jioni na wale watoto. Alisema aliondoka nyumbani baada ya saa 6 usiku kwenda kupiga kambi Simpson Springs, kwenye barabara ya zamani ya wapanda farasi wa posta, mwendo wa kama saa mbili kutoka kwao. Desemba, usiku wa manane, baridi ya kugandisha maji, na mtoto wa miaka 2. Alisema alichanganya siku, akadhani kesho yake si siku ya kazi. Ndani ya gari mlikuwa na jenereta, na simu ya Susan ilikuwa humo pia, laini yake imetolewa.

Hapa ndipo roho yangu inapouma kila nikisoma upya. Alihojiwa, akaachwa aende. Gari lake likashikiliwa tarehe 8, naye akaenda uwanja wa ndege wa Salt Lake City, akakodi jingine. Hakuonekana mpaka tarehe 10. Gari lile la kukodi lilirudi likiwa limetembea takriban maili 800. Katikati ya safari aliwasha simu mpya karibu na Tremonton, kaskazini mwa Utah. Zaidi ya hapo, hakuna anayejua.

Nimekupigia hesabu ili uone maana ya pengo hilo. Maili 800 ni kama kilometa 1,290. Ukigawa mara mbili, kwenda na kurudi, unapata kilometa 645. Chora duara la nusu kipenyo hicho kuzunguka Salt Lake City: eneo lake ni kilometa za mraba zipatazo milioni 1.3. Tanzania nzima inaingia humo na nafasi inabaki. Barabara haziendi moja kwa moja, kwa hiyo eneo halisi ni dogo kuliko hilo, lakini bado linagusa majimbo kadhaa, na ndani yake kuna maelfu ya mashimo ya migodi iliyoachwa, mengine yamekwenda chini wima, mengine yamejaa maji, mengine kuta zake zinamomonyoka ukigusa.

Siku zile zingeweza kubanwa. Kampuni za kukodisha huandika namba ya maili gari linapotoka na linaporudi, basi, haziandiki njia. Njia hupatikana kwenye minara ya simu, miamala ya kadi, risiti za mafuta na kamera za vituo vya mafuta. Gari dogo haliendi maili 800 bila kujaza tangi walau mara moja, mara nyingi mbili. Lakini kamera nyingi hujifuta zenyewe baada ya siku au wiki chache, kwa hiyo barua ya kuomba zisifutwe inatakiwa ipelekwe siku hiyo hiyo, kituo kwa kituo, hata kabla hujajua unatafuta nini. Ukingoja mpaka mashaka yaive, utakuta picha za wiki nyingine.

Shahidi mwingine alikuwa Charlie. Alisema mama yake alikwenda nao kambini lakini hakurudi nao, kwamba alibaki kule kwenye mawe yanayong'aa. Sasa, mtoto wa miaka 4 anaweza kuwa shahidi mzuri na anaweza kuharibiwa kwa dakika moja. Anatakiwa ahojiwe na mtu mmoja aliyefunzwa, kwenye chumba chenye kamera, kwa maswali ya wazi: "niambie mlifanya nini," "halafu?" Ukimwuliza "mama alikuwa ndani ya gari, siyo?" umemwekea jibu mdomoni, na mahakamani neno lake limekufa. Usimhoji tena na tena, maana mtoto akiulizwa jambo lile lile mara tano hudhani jibu la kwanza lilikuwa kosa. Kubwa kuliko yote, asirudi kulala nyumba moja na mtu anayechunguzwa. Charlie na Braden walirudi kwa baba yao, na ndani ya muda mfupi akawahamishia kwa babu yao, Steven Powell, kule Puyallup, jimbo la Washington. Baadaye, walipokwisha kuwa mikononi mwa wazazi wa Susan, Braden alichora gari lenye watu na kusema mama yuko kwenye buti. Lakini hiyo ilikuwa karibu miaka miwili imepita.

Ziko na nyaraka. Mwaka 2008 Susan aliandika wosia kwa mkono wake, tarehe 28 Juni, akaufungia kwenye sanduku la amana benki. Humo alieleza kwamba akifa, huenda isiwe ajali hata kama itaonekana hivyo. Mwezi uliofuata alijirekodi kwa video akizunguka nyumbani na kuonyesha mali. Alijua, shoga. Alifanya kila ambacho mwanamke aliye peke yake anaweza kufanya kwa kalamu na kamera. Tatizo la kisheria ni kwamba maandishi ya mtu asiyeweza kuhojiwa kizimbani hupigwa vita vikali na utetezi. Ili yaingie, mara nyingi hakimu lazima aridhike kwanza kwamba mshtakiwa ndiye aliyemnyamazisha mwandishi, tena kwa kusudi hilo. Ndiyo maana mambo mawili makavu huwa na nguvu kuliko barua ya machozi: ndani ya siku kumi hivi, Josh alitoa akiba ya uzeeni ya mkewe, na akafuta miadi yake ya matibabu ya mgongo. Mume anayemtarajia mkewe arudi hafuti miadi yake.

Kwa hiyo kulikuwa na damu, simu isiyo na laini, safari isiyo na akili, mtoto aliyeona, wosia, fedha. Waendesha mashtaka wa Utah wakaendelea kungoja mwili. Woga wao una msingi: mtu akishtakiwa na jopo la raia wanaoamua kesi likamwachia, hawezi kushtakiwa tena kwa kosa lile, hata mwili ukipatikana kesho yake.

Linganisha na Kelsey Berreth wa Woodland Park, Colorado. Mama wa miaka 29, ana mtoto wa mwaka mmoja. Alitoweka tarehe 22 Novemba 2018, na mwili wake haujapatikana mpaka leo. Simu yake iliita mnara wa Gooding, Idaho, tarehe 25. Polisi hawakwenda kutafuta mwili Idaho. Waliuliza ni nani wa Idaho aliyekuwa akiwasiliana na mchumba wake, Patrick Frazee, na wakamfikia mwanamke aliyekiri kwamba aliitwa kusafisha damu na kuondoka na simu ile. Bafuni ikapatikana damu. Frazee alikamatwa Desemba hiyo hiyo na kuhukumiwa kifungo cha maisha Novemba 2019. Utasema wao walikuwa na shahidi. Ndiyo, lakini shahidi yule alipatikana kwa kufuata simu mapema. Na sheria yenyewe si mpya: Los Angeles walimtia hatiani L. Ewing Scott kwa kumuua mkewe, bila mwili, mwaka 1957.

Gharama ya kungoja unaijua, nitaipitia haraka. Septemba 2011 Steven Powell alikamatwa kwa makosa ya kuchungulia na picha chafu, watoto wakapelekwa kwa wazazi wa Susan. Tarehe 1 Februari 2012 hakimu akaagiza Josh apimwe kisaikolojia kuhusu tabia ya kingono. Siku nne baadaye ofisa wa ustawi wa jamii aliwapeleka watoto kumtembelea. Josh akawaingiza, akamfungia ofisa nje. Ofisa alisikia harufu ya petroli, akapiga 911, namba ya dharura, akaulizwa maswali mengi mno. Polisi walifika kama dakika 22 baada ya simu ile. Nyumba ilikuwa imelipuka, wote watatu wamekufa. Ziara za namna hiyo zilitakiwa zifanyike ofisini, kwenye jengo lenye mlinzi. Mwaka 2020 jopo la Tacoma, Washington, liliona jimbo lilizembea, likaamuru familia ilipwe zaidi ya dola milioni 98.

Michael, ndugu yake Josh ambaye polisi waliamini alisaidia, alijiua Februari 2013. Gari lake la zamani lilikutwa kwenye uwanja wa magari mabovu Pendleton, Oregon; vipimo havikutoa jibu. Mei 2013 polisi wa West Valley City walifunga upelelezi na kufungua maelfu ya kurasa za jalada.

Kuhusu yale mawe yanayong'aa: Septemba 2011 walichimba Topaz Mountain, mahali watu wanapookota vito magharibi mwa Utah, wakakuta vipande vya mbao vilivyoungua. Hapakuwa na mwili.

Ukitaka kusoma jalada mwenyewe, usianze na mahojiano ya Josh, yatakuchosha bila faida. Anza na ripoti za tarehe 7 hadi 10 Desemba 2009, na uwe na daftari lenye safu tatu: saa, nani alikuwa wapi, na nani alikuwa anamwangalia. Safu ya tatu, utaona, kuanzia tarehe 8 usiku ni tupu.

Wasalimie nyumbani, na mwambie mama nimepokea mzigo wake.

Wako,
Shoga yako