Mwanangu, hiyo mimba si ya mkeo peke yake

Babaangu, assalaam aleikum. Habari ya mkeo nimeipokea kwa furaha, alhamdulillah, na mimba ya miezi miwili si ya kutangaza kwahivo nimenyamaza, hata shangazi yako sijamwambia na unamjua alivo na kupekua. Lakini umeniudhi na lile neno ulilosema kwenye simu, ati hayo ni mambo ya kina mama.

Mimi nimefanya kliniki ya wajawazito hapa Malindi mpaka nikastaafu, na wanaume wengi hawajui hili. Mtoto wa kike akiwa bado tumboni ndo mayai yake yote ya uzazi yanaumbwa, yote, akishazaliwa haongezewi hata moja. Akifika kama miezi mitano tumboni anayo kama milioni 6 au 7, siku anazaliwa yamebaki milioni 1 au 2, akivunja ungo labda laki 3 hivi. Sasa kama mkeo amebeba binti basi amebeba na mbegu ya wajukuu zako humohumo. Na hilo yai lililotoa huyu mtoto wenu liliumbwa mkeo mwenyewe akiwa tumboni mwa mamake kule Faza, kwahivo chakula alichokula mkweo enzi zile wewe leo kinakuhusu.

Akiwa wa kiume pia mambo ni mapema. Korodani zinaanza kujengwa kwenye hii miezi mitatu ya kwanza, na zile seli zinazolea mbegu wingi wake unawekwa tangu tumboni na utotoni, huo ndo utakaoamua akiwa mtu mzima atatoa mbegu kiasi gani. Kule Denmark walipima vijana wakakuta wale ambao mama zao walivuta sigara wakiwa wajawazito wana mbegu chache kuliko wenzao. Najua mkeo havuti. Wewe ndo wavuta, tena kwenye hicho chumba chenu cha juu chenye dirisha moja! Moshi anaouvuta kwako unaingia kwenye damu yake na unaweza kumfanya mtoto azaliwe mdogo. Nenda ukavutie kule gatini, ama uache kabisa na hiyo pesa inunue samaki.

Manake nasikia hapo nyumbani kuna wanaomwambia asile mayai na apunguze kula mtoto asije akawa mkubwa akashindwa kuzaa. Hilo likatae, kwa heshima lakini ulikatae. Uholanzi majira ya baridi ya 1944 kuingia 1945 Wajerumani walizuia chakula, watu wakaishi kwa chini ya kalori 1000 kwa siku, na watoto waliokuwa matumboni wakafuatiliwa mpaka uzeeni. Wengine hata hawakuzaliwa wadogo, njaa iliwakuta mimba ikiwa changa tu halafu chakula kikarudi, lakini ukubwani maradhi ya moyo yakawapata zaidi ya wenzao. Na sukari pia ikawasumbua wengi wa wale waliopitia njaa ile tumboni. Uzazi wa mabinti zao haukukatika, kwahivo sikutishi, mwili wa binadamu una nguvu zake, lakini ale mwanangu, ale mayai, kunde, mchicha, dagaa, changu. Papa na sulisuli ndo aache kwa sasa, wale samaki wakubwa wana zebaki nyingi.

Alafu vile vidonge vya damu, mwangalie anavimeza na nini. Nimewaona mamia wakimeza na chai ya asubuhi na mahamri, chai inazuia madini yasiingie mwilini halafu wanasema dawa haifanyi kazi. Ameze na maji yenye ndimu, chai aje anywe ikishapita saa nzima au masaa mawili. Choo kikiwa cheusi asishtuke.

Neti kila usiku, hata kukiwa na joto. Malaria hujificha kwenye kondo la nyuma na mama anaweza asipate homa hata kidogo, kumbe mtoto ndani anakosa chakula. Akipita miezi mitatu kliniki watampa vidonge vya kuikinga, wakisahau aulize.

Na wewe usiende duka la dawa kumnunulia kitu kwa kuelezea tu maumivu. Marekani kuanzia miaka ya 1940 mpaka 1971 madaktari wenyewe waliwapa wajawazito dawa inaitwa DES ati isiharibike mimba, na haikuzuia kitu, baadaye mabinti waliozaliwa wengi wakahangaika kushika mimba na wengine wakapata saratani adimu ya uke. Na hao walikuwa madaktari, sembuse kijana wa kaunta.

Kliniki uende naye, ukae kwenye benchi na wanawake, hutakufa. Ijumaa nampa dereva wa basi furushi la kunde na maembe, mpokee Mokowe mapema kabla boti hazijajaa. Na jioni nikipiga simu mpe yeye, sio wewe unijibie.

Mamako.