Miaka sita ya utafiti, udahili hauioni

Mhariri, habari za kazi. Naandika toka Kigoma, mwisho wa reli. Nina digrii ya bayolojia, na miaka sita nimekuwa kwenye utafiti wa malaria, nimetoboa vidole vya watoto huko vijijini Kasulu na Uvinza, nimekaa na hadubini mpaka macho yanatoa machozi, jina langu lipo kwenye ripoti mbili. Sasa nataka udaktari, ile digrii ya miaka mitano na intanshipu mwaka mmoja juu yake, nikaenda chuo kimoja kuulizia, dada wa udahili faili hata hakulifungua, akasema lete tu matokeo ya fomu siksi, Fizikia Kemia Bayolojia, basi.

Sikatai jamani, nani anataka kutibiwa na daktari asiyejua kemia. Na kusoma slaidi sio kumhudumia mgonjwa, hilo mama yangu (nesi mstaafu) hunikumbusha kila siku. Lakini hapo hifadhi ya Gombe tu, alipoanzia mtafiti wa sokwe Jane Goodall mwaka 1960, vijana wa vijiji vya jirani wamefuata sokwe porini miaka na miaka wakiandika data, na kinyesi kilichookotwa huko kikasaidia dunia kujua kwamba kirusi ndugu wa ukimwi kinaua sokwe pia. Hiyo nayo haina pointi?

Mi naomba usaili tu, hata dakika kumi. Dirisha la udahili likifunguliwa naomba tena.

Mdau, Mwanga, Kigoma