Mume wangu asema nikipata mnunuzi hata wao nitawauza

Shikamoo Shangazi,

Ni saa kumi kasoro alfajiri na niko sebuleni peke yangu, mifuko ya nguo imenizunguka kama kawaida ya nyumba hii. Tangu Jumapili silali. Nikifumba macho nasikia neno lile lile. "Huyu akipata mnunuzi, hata sisi atatuuza." Alilisema mezani, mbele ya mama yake, mbele ya watoto wetu wawili, mbele ya kijana wa jirani aliyekuja tu kuchaji simu. Wala hakupaza sauti. Aliweka kikombe chini, akalisema, akaendelea na chai yake.

Shangazi, mimi si mtu wa tamaa, na nataka ulijue hilo kabla ya kunihukumu. Biashara hii ya kuuza vitu vilivyotumika sikuianza kwa kupenda pesa. Unakumbuka 2020, Machi, shule zilipofungwa. Mimi nafundisha shule ya kibinafsi, na shule ya kibinafsi ikifungwa hakuna mshahara. Yeye ni fundi wa umeme, kazi zake ni za kandarasi, na mwaka ule nani alikuwa anajenga? Nilianza na viatu vya watoto vilivyokuwa vimewabana. Nikavipiga picha, nikaviweka kwenye statasi ya WhatsApp, na kabla ya jioni vilikuwa vimechukuliwa. Mitumba haikuwa inaingia nchini wakati huo, serikali iliizuia kuanzia Machi hadi Agosti kwa sababu ya korona, kwa hivyo aliyekuwa na kitu kizuri ndani ya nyumba alikuwa na mali. Tena kutumiana pesa zisizozidi elfu moja kwa M-Pesa kulikuwa bure hadi mwisho wa mwaka ule. Watu walinunua vya mia mbili, mia tatu, bila kuhesabu makato. Tulikula kwa pesa hizo. Yeye alikula. Leo anasema ningewauza.

Januari 2021 shule zilipofunguliwa nilirudi darasani, lakini biashara sikuiacha, na nani angeiacha? Mshahara wangu ukifika unamaliza kodi ya nyumba na unga. Karo ya kijana wetu aliye bweni hutoka kwenye mifuko hii hii anayoiita takataka.

Ajabu ni kwamba yeye hufikiri mimi hukaa na kuchezea simu. Hajui kazi iliyomo. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Egerton wakimaliza masomo huko Njoro huuza vitu vyao kwa haraka, maana nauli ya nyumbani haisubiri. Meko ya gesi ya kilo sita, godoro, rafu ya viatu, ndoo zilizopangana. Naamka mapema niende na mwenye pikapiki kabla wengine hawajafika. Meko nainunua elfu moja mia tano, nasugua ile kutu ya chini kwa waya wa sufuria, naitoa kwa elfu mbili mia mbili. Kuna duka mjini ambalo katoni zikibonyea wananiita, sahani ni nzima lakini boksi limeharibika, na wateja wao hawataki boksi lililoharibika. Na kuna robota. Robota la kilo arubaini na tano la nguo za watoto au mapazia nalichanga na mwenzangu wa Free Area, tunalitoa soko la Gikomba, Nairobi, linakuja kwa gari. Ukilifungua, moyo unadunda. Kamera, yaani zile nguo nzuri za daraja la kwanza, zikiwa nyingi, hizo peke yake zinarudisha pesa yote na kilichobaki ni faida. Likiwa limejaa fagia, yaani yale makapi, unakaa na marundo ya mia kwa tatu mwezi mzima.

Halafu kuna wateja. "Hii bado iko?" Unajibu iko, anapotea. "Bei ya mwisho?" Unampa, anakuambia jirani yako anauza nusu. Mwingine alilipa, nikampa bodaboda mzigo, na bodaboda hajafika hata Pipeline, mtu keshatuma ujumbe kule 456, nambari ya M-Pesa ya kurudishiwa pesa, kwamba alikosea nambari, pesa zirudishwe. Elfu tatu. Nililia msalani ili watoto wasinisikie. Lakini Shangazi, uliza mteja wangu yeyote kama nimewahi kumdanganya. Mapazia nayapima kwa futi ya fundi nikiwa nimeyatandaza sakafuni. Picha napiga karibu na dirisha, saa nne asubuhi, bila kurembesha rangi. Doa likiwepo naliweka picha yake peke yake, naandika: doa, liko pindo la chini, haliondoki. Huonyesha doa kabla mteja hajaliona. Na mtu wa namna hiyo ndiye anayeambiwa angeuza watoto wake?

Sasa nikueleze ilivyokuwa.

Mama mkwe anakaa Molo. Akija hapa Nakuru huja na gunia dogo la viazi na maziwa kwenye kibuyu cha plastiki, na hajawahi kuja mikono mitupu tangu nilipoolewa. Tulipofunga ndoa alitushonea vitambaa vya viti, vya kroshia, seti kamili. Vya migongo, vya mikono, na kile kikubwa cha meza. Vyeupe, na pembeni zambarau. Alivishona mwaka mzima, wakati huo macho yake yakiwa bado mazuri. Sasa hashoni tena.

Jumapili tumekaa, akaangalia viti, akauliza kwa upole tu, "Vile vitambaa vyangu vinafuliwa?" Nikasema ndiyo mama, viko kwenye kamba nyuma. Mdomo uliwahi kabla ya akili. Mume wangu, bila ubaya wowote, akamtuma binti yetu akaviangalie kama vimekauka avilete. Mtoto akaenda, akarudi, akasema kwenye kamba kuna mashati tu. Nikakaa kimya. Mama ndiye aliyesema. Akasema, "Mwacheni mtoto. Nimeviona Molo. Tulikwenda na kina mama wa kanisa kumwona mzazi, vimetandikwa pale. Viko safi." Akaongeza kwamba alivijua kwa sababu upande mmoja uzi wa zambarau ulimwishia akaunganisha wa rangi iliyokolea kidogo, na fundo lake liko pale pale.

Nikasema vilichanganyika na mapazia wakati wa kufunga mizigo. Kwamba sikujua. Hapo ndipo mume wangu aliposema lile neno.

Na unajua nani alinitetea? Mama. Alimwambia, "Usiseme hivyo mbele ya watoto." Yeye niliyemkosea. Hilo nalo linaniuma kuliko kama angenitukana. Akalala, akaamka Jumatatu asubuhi, nikamsindikiza hadi stejini, akanishika mkono akaniambia niangalie afya yangu, nimekonda. Basi. Vitambaa hakuvitaja tena.

Lakini mume wangu! Kama alikuwa na hasira, si angeniita chumbani? Si tuna chumba? Kwa nini mezani? Anasema nimekuwa nikiuza vitu vya nyumba bila kumuuliza. Si kweli. Jaketi lake la ngozi nilimuuliza, alikuwa anatazama mpira, akasema "sawa". Redio ya zamani nilimuuliza pia. Baiskeli ya marehemu baba yake sijaiuza, iko pale nyuma inaota kutu, na kuna mtu Section 58 ameshaniuliza mara mbili na nimekataa. Hilo halisemi. Hasemi pia kwamba Mei, alipokosa kazi wiki sita na Fuliza yake, ule mkopo wa M-Pesa, ikawa imefika mwisho, ni mimi niliyeilipa. Sikumtangaza mezani.

Kuna jambo jingine limenivunja. Jana natandika kitanda cha binti yetu. Ana miaka tisa. Nikakuta amechukua kalamu ya wino akaandika jina lake kwenye vitu vyake vyote. Begi, viatu vya shule, sweta kwa ndani, kijiko, hata mswaki. Yule mwanasesere wa mitumba niliyemtolea mimi mwenyewe kwenye robota ameandikwa jina mguuni. Sikumuuliza kwa nini. Nilikaa kwenye kitanda chake hadi maji yakachemka yakakauka jikoni.

Kwa hivyo nimeamua kuacha biashara, Shangazi. Nimechoka. Ila robota la Alhamisi nimeshatoa arubuni, na mwenzangu hawezi kulibeba peke yake, na mwezi ujao vijana wa Njoro wanamaliza mitihani. Labda niache baada ya hapo. Au nisiache, maana nikiacha, karo itatoka wapi? Atalipa na neno lake lile?

Nimeandika hadi hapa nikaenda kujimwagia maji usoni. Nimerudi. Nikuambie ukweli, maana hunijui wala sikujui, na nikikudanganya wewe pia sitakuwa na mtu wa kumwambia.

Nilijua.

Havikuchanganyika na mapazia. Tulipopata viti hivi vipya vya kona, vile vitambaa havikukaa sawa, vilikuwa vinateleza, nikaviweka kwenye boksi juu ya kabati. Vikakaa miaka mitatu, hakuna aliyeviuliza, hata yeye mwenye mama. Shule ikatuma ujumbe kwamba kijana angerudishwa nyumbani kwa salio la elfu mbili mia tatu. Nilikuwa na mia nne. Nikaviteremsha, nikavifua, nikavitandaza pale dirishani nikavipiga picha. Nilipima kila kimoja. Nikaandika: vya mkono, havipatikani dukani. Nikaviweka kwenye kikundi cha Facebook cha kuuza na kununua, na mama mmoja akanilipa elfu mbili mia tano bila hata kuomba apunguziwe. Aliposema mzigo umpelekee Molo, moyo ulinishtuka kidogo, nikajiambia Molo ni kubwa. Nikavipeleka stejini mwenyewe, vimekunjwa kwenye mfuko wa unga. Kijana hakurudishwa nyumbani.

Na kuna kitu kingine ambacho sijawahi kumwambia mtu. Siku alipotuletea vitambaa hivyo, mama alisema, "Hivi ni vya nyumba ya mwanangu." Hakusema nyumba yenu. Labda hakumaanisha kitu. Ni mtu mzima, ni maneno ya furaha tu siku ya furaha. Lakini nililiweka moyoni miaka kumi na minne, na siku navifunga kwenye ule mfuko, lile neno lilikuwa pale, na sikuona huruma. Huruma imekuja Jumapili, aliponitetea.

Jumatatu usiku nilimwandikia yule mama wa Molo. Nikamwomba anirudishie, nitamrudishia pesa yake. Akasema kwake wamevipenda, hata mkwe wake amevisifu, lakini akiona elfu sita ataviachilia. Elfu sita, Shangazi! Siwezi kumlaumu, mimi mwenyewe niliandika kwamba havipatikani dukani. Elfu sita hizo ninazo. Ndizo zilizobaki kwa mchango wangu wa robota. Nikizitoa, robota limekwenda na arubuni haitarudi, na mwenzangu wa Free Area hataniamini tena.

Nikivikomboa, nivifanyie nini? Nivitandike hapa viteleze kila mtu akikaa? Nivipeleke Molo nimwambie mama, hivi hapa? Atajua nimevinunua, na atauliza kwa bei gani, maana ndivyo alivyo. Au nivirudishe kwenye boksi juu ya kabati nimwambie mume wangu vimepatikana?

Yeye bado anaamini vilichanganyika. Kwa kuamini hivyo tu amesema nitawauza. Akijua kwamba nilivitandaza dirishani nikavipima, atasema nini? Dada yangu, ambaye nimemweleza nusu, anasema ninyamaze, kitu kimeshaisha, mama mwenyewe amenyamaza. Lakini mimi huyu, doa likiwa pindo la chini naliweka picha yake.

Sitaki aniombe msamaha. La, nataka. Nataka alifute lile neno pale pale alipolisemea, mezani, watoto wakisikia, binti yangu asikie. Lakini nitamdai vipi alifute, na mimi najua ninachokijua? Nikimwambia ukweli kwanza, ndiyo nimempa haki ya kulisema. Nisipomwambia, hata akilifuta nitajua amefuta kwa uongo wangu.

Mwanzoni nilitaka kukuuliza kama mume anayemdhalilisha mke mbele ya wakwe na wageni anafaa kuvumiliwa. Bado nataka kulijua hilo. Ila sasa naona ninachouliza ni hiki: nianze na nani? Nianze na mama, nipande gari la Molo bila vitambaa, nimwambie nilijua? Au nianze na huyu anayekoroma pale chumbani kama mtu asiyesema kitu?

Simu imelia sasa hivi. Ni yule mama, naye yuko macho, ana mtoto mchanga. Anasema kuna mwingine ameviuliza, atanisubiri hadi Jumamosi. Mwenye robota anataka pesa yake kesho.

Mama wa wawili,
Nakuru