Barua ya Wazi kwa Afisa Utamaduni wa Wilaya Yetu: Twiga Uliyemvaa Kifuani Ana Mwenyewe

Kwa Ndugu Afisa Utamaduni,

YAH: MWONGOZO WA LESENI ZA DIZAINI ZA KUDARIZI ULIOTUAHIDI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nakusalimu kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, na naomba radhi kukuandikia hadharani. Barua zangu za kawaida zipo masijala kwako, zote zina mhuri wa kupokelewa, na naamini zinapumzika salama.

Jina lako sitalitaja, wala la wilaya. Wewe unajijua, na waliokuwa uwanjani Jumamosi iliyopita wanakujua. Ulipanda jukwaani kwenye bonanza la utamaduni umevaa shati jeupe la mikono mifupi, na kabla hujafungua mdomo nilishakusoma kifuani. Twiga aliyepiga magoti anasoma kitabu, shingo imejikunja kufuata ukingo wa mfuko. Twiga huyo ni wangu. Nilimtengeneza mezani kwangu, usiku, baada ya kusahihisha madaftari ya Darasa la Tano. Kwenye madoa ya shingo, chini kidogo ya sikio, nilificha herufi ya kwanza ya jina langu. Aliyemnakili hakuiona, kwa hiyo kaidarizi na yenyewe, kwa uzi wa kahawia, kwenye mashati ya kamati nzima. Halafu ukashika kipaza sauti ukasema wizi wa kazi za wasanii hautavumiliwa katika wilaya hii. Tukapiga makofi. Na mimi nilipiga, nisionekane nina wivu.

Nilipokufuata baadaye nyuma ya turubai, ulinisikiliza kwa upole, hilo sikunyimi. Kisha ukacheka, ukasema: "Twiga ni mnyama wa taifa, Mwalimu. Utammilikije?" Na wenzako wakacheka. Tangu siku hiyo kila nikipita sokoni kuna kijana ananiuliza kama na tembo nimeshamsajili.

Basi ngoja nijibu kwa maandishi, maana pale nilikosa maneno.

Twiga wa porini simmiliki. Wala wazo la twiga kusoma kitabu silimiliki. Atakayetaka achore wake, amvalishe na miwani. Kilicho changu ni namna huyu mmoja alivyochorwa, na njia ambayo sindano inapita kumshona. Watu wengi, nawe nadhani umo, wanafikiri unaingiza picha kwenye kompyuta, unabonyeza kitufe, inatoka dizaini. Ukifanya hivyo inatoka dizaini kweli, ukiishona kitambaa kinakunjamana kama kimetafunwa na ndama. Kitambaa kinavutwa na uzi. Duara uliloliona zuri kwenye kioo cha kompyuta linatoka yai. Inabidi ulichore bovu kwa makusudi ili litoke zima. Inabidi uamue mshono wa chini uelekee wapi kabla wa juu haujaja, nyuzi zisongamane kiasi gani, sindano ianzie mguu upi ili isiruke ovyo na kuacha nyuzi zinaning'inia. Twiga yule ana mishono zaidi ya elfu kumi na nne. Nimemshona kwenye vitambaa vya majaribio nikamfumua, nikamrekebisha, nikamshona tena, umeme ukikatika katikati ya jicho naanza upya, kwa sababu mashine yangu ikizimwa ghafla haikumbuki ilipoishia.

Mashine yenyewe ni ya mtumba, ya sindano moja, fremu yake inchi nne kwa nne. Niliinunua kwa mkopo wa SACCOS ambao bado unakatwa kwenye mshahara. Sidarizi kwa ajili ya utajiri. Nadarizi kwa sababu napenda, na dizaini moja nikiuza shilingi elfu tano kwa fundi anayejiheshimu, napata hela ya nyuzi na LUKU. Ndiyo biashara yote hiyo. Kamati yako ingeniomba, Wallahi ningewapa bure.

Nirudi kwenye ahadi. Kwenye semina ya wajasiriamali, mbele ya mafundi cherehani na sisi wadarizi wa majumbani, ulisema ofisi yako itatoa mwongozo mfupi kwa Kiswahili chepesi: dizaini ya kununua mtandaoni inakuruhusu nini, uliyoitengeneza mwenyewe unailindaje, na ukiibiwa unaanzia mlango upi. Ulisema utatoka ndani ya robo ya mwaka. Robo ya mwaka gani, hukutaja. Tulisaini karatasi ya mahudhurio, tukala wali kuku, tukaondoka na matumaini.

Katika kuusubiri nimelazimika kujisomea, na nitakuambia nilichokuta, labda kitakusaidia kuuandika.

Tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya mwaka 1999, ile ile iliyoiweka COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Katika kazi inazozilinda imetaja sanaa tumizi, yaani sanaa iliyo kwenye vitu vya kutumika, ziwe za mkono au za kutolewa kwa wingi kiwandani. Haijasema "isipokuwa nguo". Haijasema "isipokuwa za walimu". Tanzania pia imo kwenye Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, tangu mwaka 1994, na msingi wa mkataba huo ni kwamba haki inazaliwa pamoja na kazi yenyewe, bila kungoja usajili. Usajili unakusaidia kuthibitisha, haukupi umama. Hata sanaa tumizi, ambazo mkataba unaruhusu zilindwe muda mfupi kuliko vitabu, muda wake usipungue miaka 25. Twiga wangu hajamaliza hata shule ya awali.

Sasa ukiniambia korosho ile ya kwenye kanga, au mkeka, au viua vya kofia, hapo tutazungumza lugha moja. Hayo ni ya wote, tumeyarithi, na sheria hiyo hiyo ina sehemu yake ya sanaa za jadi ambako BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, ndilo lenye kutoa vibali. Sijawahi kumwambia mtu asidarizi korosho. Lakini hata kwenye kanga zetu, ambazo kila mtu anaziona mali ya umma, bibi zetu walijua dizaini inatoka kwa nani. Chukua kanga ya Mombasa ya zamani, tazama maandishi madogo pembeni: K.H.E., Mali ya Abdulla. Mali ya Abdulla! Imeandikwa kwenye kitambaa chenyewe, inavaliwa, inafuliwa, inabebea mtoto, na hakuna aliyemcheka Abdulla.

Lingine ninalolisikia hata kwa mafundi wenzangu, na nadhani limefika mezani kwako, ni hili la programu. Natumia Ink/Stitch, programu huria ya kutengeneza dizaini za kudarizi, haina malipo. Basi wanasema: programu ya bure, na dizaini ni ya bure. Hapana. Leseni ile ni ya programu. Aliyekuazima jembe bure hajawa mwenye mahindi, sembuse jirani aliyekuwa anapita njia.

Kwa upande wa dizaini tunazonunua nje, hali ni fujo, na hapo sitawatetea sana wenzangu. Kuna leseni inayosema tumia nyumbani tu: mshonee mwanao, mpe shangazi zawadi, usiuze. Kuna inayoruhusu kuuza nguo uliyoidarizi, pengine kwa idadi fulani, pengine kwa sharti la kumtaja mwenye dizaini. Kuna za Creative Commons, zile leseni za wazi ambazo mwenye kazi anaruhusu itumike kwa masharti, na zikiwa na alama ya NC maana yake biashara hakuna. Lakini karibu zote zinazouzwa zinakutana mahali pamoja: nguo ni jambo moja, faili ni jambo jingine. Unaweza kuruhusiwa kuuza mashati mia na bado huruhusiwi kumrushia mwenzako faili kwenye WhatsApp. Huku kwetu ni kinyume. Faili linatembea kama salamu za asubuhi, "naomba na mimi mdau", na anayekataa anaitwa mchoyo. Halafu kuna nembo za klabu na katuni za Disney ambazo kila fundi anazo kwenye flashi. Hizo zina na mambo ya alama za biashara, sheria yake nyingine, ya mwaka 1986, na msajili wake BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Mtu wa kawaida atajuaje? Ndiyo maana tuliomba mwongozo.

Na siombi mkono wa chuma. Marekani, miaka ya 2000, umoja wa wafanyabiashara wa dizaini ulioitwa Embroidery Software Protection Coalition uliwaandikia wateja wa majumbani barua za vitisho ukiwadai fedha kwa dizaini walizonunua mtandaoni, ambazo umoja huo ulisema ni za wizi. Waliponung'unika mtandaoni, ukataka hata majina ya wanaonung'unika yatolewe, mpaka shirika la Electronic Frontier Foundation, linalotetea haki za watumiaji wa mtandao, likaingia kuwatetea mwaka 2006. Sitaki hayo hapa. Sitaki mama anayedarizi mito ya harusi afungiwe mashine. Nataka ajue tu mpaka uko wapi, na aliyeshona mashati yako naye ajue.

Nani alimtoa twiga nje? Nina fununu. Mashine yangu inasoma mafaili ya aina ya PES, na ndiyo ninayotunza. Zile mashine kubwa za vichwa vingi za mjini zinataka aina nyingine, DST. Twiga huyo niliwahi kumgeuza DST kwa ajili ya duka moja lililotaka kumjaribu, wakasema hakuwapendeza, asante Mwalimu. Sasa faili la DST halina adabu. Ndani yake kuna mienendo ya sindano tu: nenda, ruka, simama. Hata rangi za nyuzi halikumbuki. Nafasi ya jina ipo, ya herufi chache, na mtu akilifungua na kulihifadhi upya, jina limekwenda. Nadhani lilianzia hapo. Au ni kwenye steshenari ninakochapisha mitihani, pale flashi ya kila mtu inaingia kwenye kompyuta ile ile. Au kuna mtu kwenye kamati yako aliyelipata kwa shemeji yake. Ushahidi sina, na simtuhumu mtu. Ila wewe risiti ya mashati unayo, au unapaswa kuwa nayo, maana zile ni fedha za umma, na kwenye risiti kuna jina la aliyeshona.

Ukiniambia jambo lenyewe ni dogo, nitakubali kwamba shati moja ni dogo. Lakini wiki hii mama mmoja wa chekechea, mteja wangu wa zamani, kanipigia kuniambia hanunui tena ile dizaini, maana sasa "ni ya Serikali". Fundi mwingine kaniuliza kama ana ruhusa kuniuzia mimi. Ndiyo, kuniuzia mimi twiga wangu, kwa elfu mbili! Hapo ndipo uvumilivu wangu ulipoisha, Ndugu Afisa, na ndipo nilipoanza kuandika barua hii, usiku, umeme ukiwa umekatika, kwa tochi ya simu. Mume wangu kaniambia niachane nayo, nitaonekana mtu wa migogoro na uhamisho utanikuta. Huenda. Walimu huwa tunahamishwa kwa sababu ndogo zaidi ya twiga.

Kwa hiyo naomba. Mwongozo tulioahidiwa utoke. Kurasa mbili zinatosha, na tunaweza hata kukusaidia kuuandika, bila wali kuku. Naomba pia idara zikiagiza mashati, fulana na kofia, ziulize dizaini imetoka wapi kabla ya kulipa. Hilo halihitaji bajeti, linahitaji swali. Na mwongozo utoke. Nimeshaliomba hilo, ninaliomba tena.

Fidia sijaomba. Samahani ya jukwaani sijaomba, najua ratiba yako ni ngumu.

Na kama mwongozo ni mzigo mzito, kama robo ya mwaka ile bado haijafika, basi punguza yote nibakizie moja. Nijibu swali hili: je, kwa ofisi yako, dizaini ya kudarizi kwa mashine aliyoitengeneza mtu mwenyewe ni kazi ya sanaa inayolindwa na Sheria ya mwaka 1999, au si kazi ya sanaa? Jibu ni ndiyo au hapana. Kama ni hapana, andika hapana, nitajua pa kukata rufaa. Kama ni ndiyo, andika ndiyo, na mimi nitaibandika karatasi hiyo ukutani juu ya mashine, kila anayekuja na flashi aisome kwanza.

Isiwe kwa mdomo nyuma ya turubai. Iwe kwenye karatasi yenye kichwa cha ofisi, kumbukumbu namba, tarehe, sahihi na mhuri. Mhudumu wa masijala ananifahamu, ana namba yangu ya simu, na nimemwambia nitapita Ijumaa baada ya kipindi cha mwisho.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Darasa la Tano, mdarizi wa nyumbani